Mke wangu hupanda darini peke yake: anataka nafasi, au ananikimbia?

Swali

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Lamu. Mimi ni nahodha wa mashua ya kutembeza wageni, umri wangu miaka 34. Mke wangu ni mwalimu. Tuna miaka mitano ya ndoa na binti wa miaka mitatu. Tunaishi kwao, sisi ghorofa ya juu, wazee wake chini.

Mke wangu akirudi kazini hupanda darini, kule juu kwenye makuti, akakaa peke yake saa nzima au zaidi. Hataki kusemeshwa. Nikimfuata hunijibu neno moja moja. Nikimpigia simu kazini zaidi ya mara mbili hukasirika. Tukigombana hunyamaza hata siku tatu. Kwa upande mwingine siwezi kusema hanijali, maana nilipougua malaria alikesha nami. Msimu ukiwa mzuri nakuwa baharini na hali si mbaya, lakini tangu kusi kuanza na wageni kupungua niko nyumbani kutwa, na ugomvi umezidi. Mwezi uliopita nilichukua simu yake usiku nikasoma kila kitu. Sikukuta kitu. Wenzangu barazani wananiambia akufukuzaye hakwambii toka.

Mimi mama yangu alikwenda Arabuni kufanya kazi nikiwa na miaka minne, nikalelewa nyumba hii na ile, na nakiri sipendi kuachwa. Je, mke wangu hanipendi? Au kasoro ni yangu? Na je, nirudi kwetu Matondoni kwa muda ili ajue thamani yangu?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama kwenye habari ya simu, na hiyo nitaifikia. Mara ya tatu kilichonishika ni maneno ambayo naona wewe uliyapita haraka: kwamba msimu ukiwa mzuri, ukawa baharini tangu asubuhi, hali nyumbani si mbaya. Kumbe mkionana saa chache mnaelewana, na mkikaa pamoja kutwa mnagombana. Ingekuwa unachokosa ni muda wa kuwa naye, basi miezi hii ya kusi ingekuwa raha yako ya mwaka mzima.

Fikiri siku yako ya msimu ilivyo. Asubuhi unamwambia leo nina wageni wa kwenda kisiwa cha Manda Toto, tutarudi jioni. Anajua unakokwenda na anajua utarudi lini. Wewe nawe unajua ukitia nanga utamkuta. Kuagana kuna maneno yake na kukutana kuna maneno yake. Sasa hivi mko nyumba moja kutwa, hakuna anayeaga wala anayerudi. Anapanda ngazi kimya, na wewe umebaki chini unahesabu dakika bila kujua zitaishia wapi. Kwa ninavyoona, unaweza kuivumilia saa moja bila yeye. Usichoweza kuvumilia ni kutojua kama atashuka, na akishuka atakuja na uso gani.

Elimu inayochunguza mambo haya huitwa nadharia ya ufungamano, na mizizi yake iko karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyeianzisha ni John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti akieleza madhara wanayopata watoto wadogo wanaotenganishwa na mama zao. Lakini mtu aliyekwenda kuyatazama majumbani ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na majumba yenyewe yalikuwa Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954 na mumewe, akawa anakwenda vijijini kuketi na familia 26 za Waganda, akiangalia watoto wachanga 28 wanavyoishi na mama zao. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hamng'ang'anii. Hutambaa akaenda mbali, akashika hiki na kile, kisha hurudi akamgusa mama goti, akaondoka tena. Mama alikuwa kama gati: chombo kinatoka kwa sababu kinajua pa kurudi.

Baadaye, Baltimore huko Marekani, Ainsworth alitengeneza jaribio ambalo wanafunzi wa saikolojia wanasoma mpaka leo. Mtoto wa mwaka mmoja anacheza chumbani na mama yake, mama anatoka dakika chache, halafu anarudi. Ukisikia hivyo utadhani alikuwa akipima kilio mama anapotoka. La, alichokitazama zaidi ni mama anaporudi. Wako waliomkimbilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wako waliomng'ang'ania na huku wanampiga mateke, wanataka kubebwa na hawataki kubembelezwa. Na wako ambao hawakugeuza hata shingo, waliendelea na mchezo wao kana kwamba hakuna aliyeingia.

Hao wa mwisho walionekana wametulia kuliko wote. Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters wakaandika kuhusu mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, na moyo ulikuwa ukienda mbio. Mtoto yule alikuwa na hofu kama wenzake, ila alikwisha kujifunza kutoionyesha. Nakuomba ulikumbuke hilo kila unapouona mgongo wa mkeo ukipanda ngazi.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliuliza kama mambo haya yanaendelea mpaka kwenye mapenzi ya watu wazima. Walichapisha maswali kwenye gazeti la Denver, wasomaji wakajibu. Zaidi kidogo ya nusu walijieleza kuwa watu wanaoweza kumkaribia mwenzao bila shida. Kama robo walisema wakikaribiwa sana wanakosa raha. Waliobaki, kama mmoja katika watano, walisema wanatamani ukaribu ambao wenzao hawawapi, na wanahofia kuachwa. Wataalamu wa leo hawawagawi watu kwa makundi makali hivyo. Wanasema kila mtu ana kiasi chake cha wasiwasi wa kuachwa na kiasi chake cha kukwepa ukaribu, na kiasi hicho kinaweza kubadilika kwa kadiri ya aliye naye na anayoyapitia.

Wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, una wasiwasi mwingi wa kuachwa. Na sikuoni mtu wa ajabu hata kidogo. Wanawake wangapi wa pwani yetu wamekwenda Arabuni kufanya kazi za ndani ili watoto wapate ada na paa? Mama yako huenda alilia njia nzima. Lakini mtoto wa miaka minne haelewi mkataba wala ada. Anachojua ni kwamba jioni ilifika, na mama hakurudi. Kisha ukahamishwa nyumba, ukahamishwa tena. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kuangalia nyuso za watu wazima kwa makini sana, kuona nani amenuna, nani anataka kumwondoa. Ulijifunza hivyo kwa sababu ulilazimika. Shida ni kwamba sasa una miaka 34, na kila mkeo anapokunja uso kwa uchovu, yule mtoto anasimama mlangoni na furushi lake la nguo.

Mkeo sijamsikia, kwa hiyo ninayosema juu yake ni makisio. Barua yako inanionyesha mwanamke ambaye akilemewa hujifungia, na ambaye mapenzi yake huyaonyesha kwa mikono kuliko kwa maneno. Anayekesha na mgonjwa wa malaria, kisha akipona anamjibu neno moja moja, si mtu asiyependa. Watu wengi wa namna hiyo walilelewa mahali ambapo kulia kulijibiwa kwa "wacha kudeka," au walikuwa wakubwa wa nyumba wakiwa bado watoto, wakajifunza kwamba mambo ya moyo mtu huyamaliza peke yake. Nimesema makisio. Muulize mwenyewe, siku ya amani, jinsi alivyokuwa akibembelezwa alipokuwa mdogo. Usimpe jina la kitaalamu. Sijaona ndoa iliyopona kwa mume kumwambia mkewe "wewe ni mkwepaji, nimesoma."

Nyumba yenu nayo ina neno, na hili watu huniletea mara chache ingawa naliona kubwa. Wazee wa Lamu walipojenga kwa matumbawe walijua kwamba watu wanaopendana wanahitaji milango. Mgeni aliishia dakani, kibaraza cha mlangoni. Kutoka daka unaingia kiwandani, yaani ua wa ndani penye mwanga, kisha msana, yaani ukumbi mrefu, kisha msana mwingine, kisha ndani, na kila hatua inamfikisha mtu kwenye faragha zaidi ya ile ya kwanza. Mtu aliweza kuwa nyumbani na bado akachagua awe karibu na nani. Ninyi mnaishi ghorofa moja na mtoto, na kila kuingia na kutoka mnapita mbele ya wazee. Mkeo anatoka kwenye darasa lililojaa watoto wanaomwita, anapita chini kwa mama yake mwenye lake la kumwambia, anapanda juu kwa binti anayetaka kubebwa na mume anayetaka kusemeshwa. Darini ndipo mahali pekee katika siku yake nzima ambapo hakuna mtu anayemtaka kitu.

Na wewe je? Ndiyo ada ya Lamu, binti kutengewa nyumba au ghorofa kwao, na mwanamume akahamia. Ni ada yenye hekima, inamlinda mwanamke. Lakini waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni walijua hali ya mtu aliye kwa wenyewe. Wewe huna kipembe chako katika nyumba ile. Kwako ni yeye. Basi yeye akipanda darini, wewe umebaki huna kwenu. Naamini hiyo ni sehemu kubwa ya uchungu wako, na mkeo anaweza kuwa hajawahi kuiona kwa sababu yeye amezaliwa humo. Mwambie. Mwambie kama habari ya moyo wako, bila lawama: "Ukipanda juu mimi najiona mgeni humu."

Sasa tazama mnavyozungushana. Yeye anajitenga apumue. Wewe unaona dalili ya kuachwa, unamfuata, unauliza una nini, nimekosa nini, mbona husemi. Kwake yeye maswali hayo ni mzigo mwingine juu ya mizigo ya mchana, anazidi kunyamaza. Ukimya ule kwako ni ushahidi, unazidi kuuliza. Kila mmoja anafanya kile kinachomtuliza yeye, na ndicho kinachomtisha mwenzake. Wanandoa wengi wanaokuja kwangu wako kwenye mzunguko huu, na mara nyingi kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeanza. Mimi nimeacha kutafuta aliyeanza.

Wewe ni nahodha, nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Ukifunga mashua gatini maji yakiwa yamejaa, huikazi kamba. Unajua baada ya saa sita maji yatakuwa yamepwa, na siku za bamvua yatashuka karibu mita tatu. Kamba fupi itaininginiza mashua au itakatika. Unaiachia kamba ya kutosha, lakini fundo unalifunga vizuri, kwa sababu kamba ndefu isiyo na fundo ni mashua kupotea. Mkeo anahitaji kamba ndefu. Wewe unahitaji fundo. Mpaka leo kila mmoja wenu anadai chake kana kwamba kikipatikana kimoja kingine hakipatikani.

Ninachotaka mkubaliane ni kitu kidogo, na ugumu wake ni kukishika kila siku. Anayeondoka aage, aseme atarudi lini, na arudi mwenyewe. Anayebaki asifuate. Mkeo akirudi kazini, amsalimu kila mtu, akuambie, "Nakwenda juu, nitashuka kabla ya adhana ya magharibi." Sentensi moja inatosha. Wewe hupandi, hupigi simu, wala humtumi binti yenu akamwite mama, kwani kumtuma mtoto ni kumfuata vilevile. Na kabla ya adhana, yeye ndiye anayeshuka, kwa miguu yake, bila kuitwa. Hapo ndipo pana dawa yenyewe. Ukimwita akaja, moyo wako hautajifunza lolote, utabaki ukijua kwamba watu huja ukiwavuta. Akija mwenyewe mara kumi, mara thelathini, yule mtoto mwenye furushi anaanza kuliweka chini.

Akishuka, dakika kumi za kwanza ni zenu. Simu zikae mbali. Usimuulize alikuwa akiwaza nini, wala usimsomee orodha ya mambo yaliyoharibika alipokuwa juu. Ketini, mshike mkono akikubali. Na mkono si jambo dogo. Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakijua wanaweza kupigwa na umeme kidogo. Waliposhika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia kuliko waliposhika mkono wa mtu wasiyemjua au walipokuwa peke yao, na waliokuwa na ndoa nzuri zaidi walitulia zaidi. Kwa hiyo usijione mdhaifu kwa kumhitaji mwenzako, maana mwili wa mwanadamu umeumbwa hivyo.

Wiki za mwanzo saa ile itakuuma, nakuambia mapema. Kifua kitakubana, utatafuta kisingizio cha kupanda, utakumbuka kwamba umesahau kumwuliza habari za gesi. Usibaki chini ya ngazi. Shona tanga, nenda Mkunguni ukanywe kahawa, mchukue binti yenu mkatazame punda wakipita na mizigo. Msimu umekupa kazi ya kukushughulisha na kusi imekunyang'anya, kwa hiyo itafute nyingine, hata isiyo na malipo. Mwanamume ambaye kutwa nzima hana la kufanya ila kumngojea mkewe, hata mke mwenye subira ya ajabu atamchoka. Nasema hivyo kwa huruma, nimeyaona hapa Malindi kila wageni wanapopungua.

Siku nyingine atachelewa kushuka. Siku nyingine wewe utapanda. Msiitane waongo. Jipeni mwezi mzima kabla ya kusema imeshindikana.

Sasa siku tatu za ukimya. Hapo sitamtetea mkeo. Saa moja ya kupumzika na siku tatu za kununa si kitu kimoja. Mtu akigombana, moyo ukipiga zaidi ya mara mia kwa dakika, hasikii tena vizuri anachoambiwa. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, anashauri waache ugomvi angalau dakika 20 mwili utulie. Mwingine huhitaji saa nzima au usiku mmoja, sawa. Lakini kumpita mumeo ukumbini siku tatu kama kiti, mbele ya mtoto, hata kama nia si kuadhibu, anayepitwa anaadhibiwa. Dini yetu imewakataza Waislamu wawili kuhamana zaidi ya siku tatu, na huo ni upeo uliowekwa watu wasiuvuke, haukuwekwa uwe kiwango cha kila ugomvi. Kanuni ni ile ile ya darini: aseme "siwezi kuongea sasa, tutaongea kesho baada ya alasiri," na kesho baada ya alasiri yeye ndiye aanze. Neno moja la kumtuliza mwenzako kabla ya kulala halimalizi ugomvi wala halimaanishi umeshindwa.

Na wewe, ukiambiwa kesho, ni kesho. Usianze tena saa nne usiku.

Sehemu hii msomee mkeo, akitaka. Binti yangu, sijakusikia, na huenda ungenieleza mengi ambayo mumeo hajayaona. Haja yako ya kukaa peke yako ni halali, na usiiombee radhi. Ninachokuomba ni sentensi ile ya kuaga. Najua inaweza kukukera kama kuomba ruhusa kwenye nyumba ya wazazi wako. Ichukue kama nahodha anavyosema saa ya kurudi: haombi ruhusa ya kwenda baharini, anawaachia walio nchi kavu usingizi. Na kuna jambo litakalokusaidia wewe pia. Mwaka 2007 mtafiti Brooke Feeney aliandika kuhusu wanandoa, akaonyesha kwamba mtu ambaye mwenzake anakubali kutegemewa, hajibu kwa kumsukuma, ndiye aliyekuja kujitegemea zaidi baada ya miezi sita. Ukimsukuma atazidi kushika. Akiwa na hakika nawe, atakuachia saa yako bila kinyongo, na huenda ukashangaa kwamba baadhi ya siku utataka akufuate juu.

Turudi kwako, kwenye simu. Ulikosea. Nakuelewa, na bado ulikosea. Na tazama mwenyewe: hukukuta kitu, je, ulilala? Hukulala, kwa sababu ulichokuwa ukikitafuta hakikai ndani ya simu. Ulitafuta hakika, na upekuzi haujawahi kumpa mtu hakika, humpa tu sababu ya kupekua tena. Wako watakaokushauri ufiche, yaliyopita si ndwele. Mimi nakushauri umwambie. Unamtaka mtu anayejifungia afungue mlango, nawe umeupita mlango wake usiku akiwa amelala. Akija kugundua kwa njia nyingine, darini atapanda asishuke. Mwambie bila kumtia yeye ndani ya kosa, usiseme "nilifanya hivyo kwa sababu wewe hunisemeshi." Sema uliogopa, ukafanya, hukukuta kitu, na hutarudia. Kisha muache akasirike. Asipokusamehe siku ile usimfuate kuuliza kama amekwisha kusamehe.

Simu za kazini ziishe. Mwalimu aliye darasani akiona jina la mume mara ya tatu, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba nyumbani kuna maiti. Kubalianeni ujumbe mmoja wakati wa mapumziko ya saa nne, naye aujibu, hata kwa neno moja.

Wenzako wa barazani wanakutakia heri, lakini methali waliyoichagua haikufai. Akufukuzaye hakwambii toka ilisemwa kwa mgeni aliyekaa mpaka wenyeji wakachoka, akanyimwa chakula, akafichiwa kiti. Wewe ulipougua ulikeshewa.

Kuna mambo mawili sharti niyataje. Ikiwa kujitenga kwa mkeo kulianza ghafla, au tangu alipojifungua, na pamoja nako halali usingizi, hali chakula vizuri, analia, au hafurahii hata mtoto wake, basi hilo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na mahali pake ni kwa daktari, si kwenye makubaliano ya ngazi. La pili: ikiwa umewahi kumwinulia mkono, au unamzuia kwenda kwao, kazini au kwa rafiki zake, basi anapanda darini kutafuta usalama, na ushauri wote niliokupa huna haki ya kumdai mpaka hilo likome kabisa. Hukuandika hivyo, na naomba Mungu si hivyo.

Umeuliza kama kasoro ni yako. Yako ni sehemu, yake ni sehemu, na nyingine ni ya mambo yaliyowapata kabla hamjajuana. Watu hubadilika katika hili. Wataalamu wamewaandika wengi waliokulia kwenye nyumba zisizotabirika wakaupata utulivu ukubwani, kwa kuwa na mtu ambaye neno lake lilikuwa neno, mwaka baada ya mwaka. Utulivu huo wameuchuma, hawakurithi. Huenda mkeo ndiye mtu huyo kwako, na ikiwa utaacha kumfukuza ngazini, huenda nawe ukawa mtu huyo kwake.

Kuhusu Matondoni. Ukienda ili ajue thamani yako, umemfanyia kile kile unachokiogopa kuliko vyote duniani, na umemfanyia kwa makusudi. Mtu anayejifungia akiachwa hafungui, huweka komeo la pili. Atakuja kukutafuta? Sidhani, na wewe utakuwa umeketi huko unatazama njia. Lakini kwenda kwenu kwa sababu umewakumbuka watu wako, na kwa sababu nawe unahitaji mahali ambapo wewe si kuku mgeni, hilo ni jema, na ningependa ulifanye hata kila mwezi wakati huu wa kusi. Keti na wazee, tazama mafundi wanavyochonga mashua, lala usingizi. Nenda Ijumaa baada ya swala. Kabla hujatoka mwambie mkeo, na umwambie binti yenu pia kwa maneno anayoyaelewa, kwamba utarudi Jumapili jioni. Na Jumapili jioni, hata kama huko kuna karamu, uwe mlangoni kwako.